Kuhamisha Nyimbo Si Kunakili Tu

Wako wasemao kwamba kuhamisha nyimbo kutoka kompyuta kuukuu hadi mpya ni kazi ya kunakili tu. Kauli hiyo ni nyepesi, na hasara yake ni nzito. Faili hubeba sauti. Jina la mwimbaji, mwaka na mahali pa kurekodiwa havihami nayo ila viwe vimeandikwa ndani yake. Orodha ya nyimbo nayo aghalabu haina sauti hata moja: ina anwani za mahali faili zilipokaa. Faili zikihama na anwani zisirekebishwe, orodha huita asipatikane wa kuitika.

Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928. Sauti yake ikihamishwa kwa jina la "Wimbo 07", kompyuta haikupoteza kitu, lakini Unguja imepoteza mtu. Tena mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba muziki wa miaka mingi ulipotea katika kuhamisha hifadhi yake.

Basi msomi asijisifu kwa wingi wa alizonakili. Azihesabu, azisikilize, asome majina yake. Ndipo aifute kompyuta ya kale. Urithi usio na jina hauna wa kuudai.