Kwa Nini Happiness, Isiwe Furaha?

Mwalimu yeyote aliyepata kuita majina darasani katika Wilaya ya Mbinga, au huko chini kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay, analifahamu jina Happiness. Huja pamoja na dada zake Gladness na Witness, na kaka yao Goodluck. Majina haya hayakuandikwa na karani wa Kijerumani. Tumeyachagua wenyewe, tukiwa watu huru, na kwa hiyo ni sisi wenyewe tunaopaswa kuulizwa sababu.

Tuanze na asili yake. Shina la neno hilo, hap, liliingia katika Kiingereza cha kale kutoka lugha za watu wa Skandinavia, nalo lilikuwa na maana ya bahati, yaani lile linalomfika mtu, liwe jema au baya. Mtu happy hapo kwanza alikuwa mtu mwenye bahati. Maana ya kufurahi ilifuata baadaye. Waingereza wenyewe ni nadra sana kumwita mtoto Happiness. Wapuritani wao wa karne ya 17 waliwapa watoto majina ya fadhila, na katika hayo Grace, Faith na Hope yangali yanatumika kwao hadi leo. Happiness limestawi huku kwetu. Basi mzazi anayedhani kwamba amemvika mwanawe vazi la London, amekosea duka.

Tena vazi lenyewe halimkai. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, na lugha za nyumbani vivyo hivyo. Kwa hiyo kinywani mwa bibi Happiness huwa Hapinesi, kisha Hapi. Jambo hilo lingekuwa la kuchekesha tu, lakini halikomi hapo. Karani mmoja huandika jina kwa p mbili, mwingine kwa p moja, wa tatu hutia y mahali pa i. Msichana anapomaliza shule na kutafuta kazi au nafasi ya chuo, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cheti cha mtihani kinasema vingine, naye hana budi kwenda kula kiapo na kulipia hati ili kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Furaha haliandikwi kwa namna tatu.

Wako watakaotujibu kwamba majina ya kigeni si mambo mapya. Ni kweli. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, na upande wa ziwani Waanglikana wa UMCA walivuka kutoka kisiwa cha Likoma. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe kwamba mtoto anapata jina la Kikristo. Ndiyo maana milima ya Umatengo imejaa majina ya watakatifu ambao hata Ujerumani kwenyewe si wengi wanaowakumbuka. Lakini tutazame tofauti iliyopo. Aliyebatizwa kwa jina la mtakatifu alipewa somo: mtu aliyeishi, mwenye sikukuu yake na habari zake. Na nyuma ya jina hilo lilibaki la ukoo, Ndunguru, Kapinga, Nchimbi, Hyera, Komba, likimwambia kila msikiaji mtoto huyu ni wa nani. Mjukuu aliyerithi jina la babu naye alikuwa na somo, akaitwa babu na bibi yake kwa mzaha na kwa heshima. Happiness ni somo wa nani?

Desturi yetu ilijua pia kulifanya jina liwe kumbukumbu ya siku. Baba wa Taifa aliitwa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Julius lilikuja kwa ubatizo mwaka 1943, alipokwisha kuwa mtu mzima. Aliyachukua yote mawili hadi Ikulu, wala la kwanza halikumzuia kusikilizwa katika Umoja wa Mataifa. Tunawakumbusha jambo hili wale wanaodai kwamba jina la Kiingereza humfungulia mtoto milango.

Hoja iliyo na uzito zaidi ni hii: Furaha, Neema na Baraka nayo yana asili ya Kiarabu, basi kuna faida gani kuacha ugeni mmoja na kushika mwingine? Tunajibu kwamba asili ya neno si makazi yake. Furaha ni neno ambalo mama wa Litembo hulitamka anapopokea fedha za kahawa, na mvuvi wa Liuli hulitamka nyavu zinapojaa. Hakuna wa kumfasiria. Happiness humhitaji mkalimani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tuwatazame majirani zetu wa Kongo ya mashariki: shule zao zilifundisha kwa Kifaransa, lakini watoto wao wanaitwa Furaha, Bahati, Sifa, Riziki. Hawakuona kwamba furaha huwa kubwa zaidi ikitajwa kwa Kifaransa. Sisi, tunaojisifu kuwa nyumba ya Kiswahili, tumeonaje?

Hatutaki amri. Mwaka 1972 Mobutu aliwalazimisha raia wa Zaire kuacha majina ya Kikristo, na utawala wake ulipoanguka mwaka 1997 wengi walikuwa wamekwisha kuyarudia. Jina linalotolewa kwa kuogopa polisi halina thamani kuliko lile linalotolewa kwa kuiga.

Kizuizi cha zamani nacho hakipo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka tu jina lisilokuwa geni kwa maana ya Kikristo. Furaha, Tumaini na Upendo yanapita bila swali. Na kubadili kunawezekana. Liuli hiyo hiyo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake unaofanana na sanamu ya Misri, na kwa jina hilo iliingia katika habari za vita mnamo Agosti 1914, meli yao Hermann von Wissmann iliposhambuliwa hapo na Waingereza. Leo jina hilo limo vitabuni tu, nayo Liuli ni Liuli. (Mbamba Bay bado inalo neno lake la Kiingereza mkiani, tumelizoea hata hatulisikii.)

Walimu wa Mbinga na Nyasa wanaweza kuanza muhula ujao. Wawape wanafunzi kazi ya kwenda kwa wazee na kuandika majina waliyopewa watoto kabla ya haya ya sasa, kila jina na sababu yake: nani alizaliwa wakati wa njaa, nani safarini, nani baada ya msiba. Kisha kila mwanafunzi aandike chini ya orodha hiyo maana ya jina lake mwenyewe na aliyemchagulia.