Askari wa Udongo Darasani: Tuwanyang'anye Watoto au Tuwafundishe?

Mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hugundua upesi kwamba mifuko ya watoto ina mambo mengi kuliko madaftari yao. Humo mna gololi, vizibo vya soda, vipande vya waya, na mara kwa mara sanamu ndogo ya askari: ama ya udongo, ama ya waya, ama ya plastiki iliyonunuliwa dukani. Desturi iliyozoeleka ni mwalimu kuichukua sanamu hiyo, kuifungia kabatini au kuitupa jalalani, kisha somo likaendelea. Sisi tunaona kwamba desturi hiyo inampotezea mwalimu zana ya kufundishia iliyo bora na isiyomgharimu hata senti moja. Na kwa mwalimu atakayefundisha huku Kagera hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa anaipoteza nafasi ya kuzungumza na watoto juu ya vita vilivyopiganwa katika ardhi yao wenyewe.

Mchezo wenyewe

Kuzigeuza sanamu ndogo za askari na kuzipiga picha ni mchezo wenye wapenzi wengi duniani, na wengi wao ni watu wazima. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza kuuza mwanasesere wa kijeshi aitwaye G.I. Joe, mwenye urefu wa kama sentimeta 30 na viungo vinavyokunjika. Wapo walionunua wanasesere wa namna hiyo wasiridhike nao kama walivyotoka kiwandani. Hubadili kichwa, hushona sare nyingine, hupaka rangi upya, huvichakaza viatu ili vionekane vimetembea safari ndefu, kisha humsimamisha mwanasesere penye mchanga au majani na kumpiga picha hata mtazamaji adhani ni mtu kamili.

Mtoto wa Kemondo anayafanya mengi ya hayo bila kufundishwa na mtu. Akikosa plastiki hufinyanga udongo. Kifaru chake hukichonga katika shina la mgomba, magurudumu huyakata katika ndala kuukuu, mkanda wa askari huusokota kwa nyuzi za mgomba, na rangi huipata katika makaa, majivu na udongo mwekundu. Tena anafinyanga mahali penye sifa ya ufundi wa kale, kwani wanaakiolojia wamefukua katika eneo hilo la Kemondo mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma zilizotumika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Lakini mkono wa mtoto huyo ukiwa hodari, haina maana kwamba na maarifa yake yametimia. Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanza.

Vita ambavyo mtoto huvicheza bila kuvijua

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka sehemu ya nchi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera. Ndege za Uganda zilidondosha mabomu Bukoba, na watu wengi wakaukimbia mji. Mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka lilivunjwa. Jeshi la Wananchi, likiongezewa nguvu na maelfu ya mgambo walioitwa kutoka mashambani na makazini, liliwarudisha wavamizi kwao, likaendelea mbele, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaangukia mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa upande mmoja nao. Askari wetu wengi waliokufa wamezikwa Kaboya, katika Wilaya ya Muleba, upande wa kusini wa Kemondo.

Mtoto wa leo anayasikia majina hayo. Katika mchezo wake mmoja huitwa Amin, mwingine huitwa mgambo, na mwisho wa mchezo wote huinuka wakajipangusa vumbi, wakaenda kula. Mtoto anapaswa kujua kwamba wale wa Kaboya hawakuinuka. Hata hivyo, jambo hilo haliingii moyoni kwa kuandikwa tarehe ubaoni. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1978 amekwisha kuvuka miaka 50, na wazee waliokuwa watu wazima wakati ule wanapungua kila mwaka. Tusipowapeleka watoto kwa wazee hao sasa, baadaye hatutakuwa na mtu wa kumwendea.

Faida mbili za kazi hii

Faida ya kwanza imo katika kugeuza. Askari wa plastiki atokaye dukani hana jina, hana kwao, na anafanana na wenzake mia. Mwanafunzi akiambiwa amgeuze awe mtu mmoja maalumu, mathalani mgambo aliyeacha shamba la kahawa mwezi Novemba 1978, papo hapo maswali huzaliwa. Alivaa nini? Alibeba nini mgongoni? Alikuwa na viatu vya jeshi au alikwenda na vile alivyotoka navyo nyumbani? Nani alibaki akilipalilia shamba? Hawezi kushona hata kifungo kimoja kabla ya kuuliza na kupata jibu. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka elimu yetu ijenge akili yenye kudadisi. Sanamu isiyoweza kukamilika bila udadisi ni chombo kinachofaa shabaha hiyo.

Faida ya pili imo katika kupiga picha. Mtoto akichezea askari wake humtazama kutoka juu, kama jitu litazamavyo sisimizi. Humwangusha kwa kidole na asione neno. Lakini picha haiwi nzuri mpaka mpigaji apige magoti, alaze kichwa karibu na ardhi, na kulisawazisha jicho lake na jicho la yule askari mdogo. Kutoka hapo nyasi huwa msitu, na kijiwe huwa mlima wa kupanda. Kwa dakika moja mtoto huiona hatari kutoka mahali anapoiona yule aliye hatarini. Hatujui njia nyingine iliyo rahisi hivi ya kumfundisha mtoto wa miaka 11 kujiweka katika nafasi ya mwenziwe.

Mpiga picha Mmarekani Brian McCarty ameitumia nguvu hiyo tangu mwaka 2011. Huenda penye vita, pamoja na Ukanda wa Gaza, ambako watoto huchora waliyoyaona, naye huyatengeneza upya kwa vitu vya kuchezea na kuyapiga picha kwa kuifuata michoro yao. Watoto ndio wenye habari. Mtu mzima anawasaidia tu kuieleza. Mwalimu naye ashike nafasi iyo hiyo.

Utaratibu wa somo

Tunapendekeza hatua zifuatazo, ambazo zaweza kuenea katika vipindi vitano au sita vya historia, hisabati na sanaa.

Kwanza, kila kikundi cha wanafunzi watano kichague mtu mmoja wa kumtengeneza. Wasiwe askari watupu: awepo dereva wa lori, muuguzi, mama aliyekimbia Kyaka na godoro kichwani, na mvuvi wa Kemondo. Awepo pia askari wa Uganda, naye apewe jina na nyumbani kwao. Kisha wanafunzi wakawahoji wazee na kuandika walichoambiwa.

Pili, wapige hesabu ya uwiano. Mtu wa sentimeta 180 akipunguzwa kwa moja ya sita huwa wa sentimeta 30. Akipunguzwa kwa moja ya kumi na nane huwa wa sentimeta 10. Mpini wa jembe wenye sentimeta 120 utakuwa na sentimeta ngapi katika kila uwiano? Kikundi kinachokosea hesabu hakihitaji kusahihishwa kwa kalamu nyekundu, maana jembe litakalompita mtu kimo litawasahihisha lenyewe.

Tatu, watengeneze. Udongo ukandwe vizuri na kutolewa changarawe, uwekewe waya ndani ya miguu na mikono ili usivunjike, na ukaushwe kivulini, kwa kuwa jua kali huupasua. Nguo zitokane na vitambaa chakavu.

Nne, wapige picha. Simu moja ya mwalimu yatosha, nayo ishikwe kwa zamu mbele yake. Wakati bora ni asubuhi au jioni, jua linapolala na kivuli kurefuka. Sanamu iwe karibu na simu, na mti wa kweli uwe mbali nyuma yake. Hapo vitu vyote viwili vitaonekana vya dunia moja. Shule isiyo na simu ya kutumia isikate tamaa. Kipande cha boksi kilichotobolewa dirisha dogo la mstatili chatosha: mwanafunzi alale chini, achungulie, kisha achore alichokiona ndani ya dirisha hilo.

Tano, kila picha iandikiwe aya moja ya maelezo na kusomwa mbele ya darasa. Wenzao wawaulize ushahidi: mmejuaje kwamba alivaa hivyo? Jibu la “tumebuni” likubaliwe, ila liandikwe wazi, ili wanafunzi wajue tangu utotoni tofauti ya habari iliyothibitishwa na habari iliyotungwa.

Hoja za wanaopinga

Wapo wenzetu wasemao kwamba vitu vya kuchezea vya kijeshi huwafanya watoto wapende vita. Hoja hii haifai kubezwa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu Little Wars, chenye kanuni za mchezo wa askari wadogo, na ndani yake alieleza kwamba vita vya mezani ni bora mara nyingi kuliko vita vya kweli. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Ni dhahiri kwamba mchezo peke yake haumzuii mtu kupigana. Lakini hoja hiyo ndiyo inayotutaka tuwepo. Mtoto aliyenyang'anywa askari wake darasani atatengeneza mwingine njiani arudipo nyumbani, na huyo atacheza naye pasipo mtu wa kumwuliza swali.

Wengine huogopa sheria. Ni kweli kwamba raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, na mahali pa jeshi hapapigwi picha ovyo. Kwa hiyo somo lifanyike katika uwanja wa shule, kwa sanamu na vitambaa, na mwalimu mkuu apewe taarifa mapema. Mkienda Kaboya, nendeni kwa ruhusa na kwa heshima, na sanamu zibaki shuleni.

Hoja tunayoiona nzito kuliko zote ni ya chuki. Somo la vita laweza kumfanya mtoto amchukie Mganda, naye pengine ana shangazi aliyeolewa ng'ambo ya Mutukula. Ndiyo maana tumesisitiza kwamba yule askari wa Uganda naye awe na jina. Tulipigana na utawala wa Idi Amin, na Waganda wengi walipigana bega kwa bega nasi. Mwalimu asiyeweza kulieleza jambo hilo kwa ufasaha asilianze somo hili mpaka ajifunze kwanza. Tena mtoto asilazimishwe kushiriki. Zipo nyumba ambazo vita hivyo viliacha pengo, na mtoto wa nyumba hiyo ana haki ya kukaa kimya.

Hitimisho

Tunawaomba walimu-wanachuo wasilipokee pendekezo hili kama amri. Walijaribu katika kipindi kimoja, na darasa moja, na waandike katika andalio la somo yaliyofaulu na yaliyoshindikana, ili wengine wafaidike. Jambo moja tu tunalishikilia: sanamu aliyoitengeneza mtoto kwa mikono yake ni kazi, na kazi huulizwa maswali kabla ya kutupwa. Kwa hiyo ukimwona mwanafunzi anamficha askari chini ya dawati, mwulize kwanza mtu huyo anaitwa nani, ametoka wapi, na nani anamngojea nyumbani. Akishindwa kujibu, umekwisha kupata somo la kesho.