Doa la Rosanna

Wasomaji wa The Moonstone, riwaya ya Wilkie Collins ya mwaka 1868, humsifu mno Sajini Cuff kwa werevu wake. Mimi sikubaliani nao. Almasi ya Rachel Verinder ilipopotea, Cuff alimshuku Rachel mwenyewe, akamhesabu Rosanna Spearman, mtumishi wa nyumba, kuwa mshiriki wake. Rosanna aliwahi kufungwa kwa wizi; adhabu aliimaliza, lakini jina la mwizi halikumwacha. Ni kweli, alificha vazi la kulalia lenye doa la rangi. Alilificha ili kumkinga Franklin Blake aliyempenda, ambaye hata kumtazama hakumtazama! Akajitupa katika mchanga unaomeza watu kando ya bahari.

Na mwizi je? Ni Godfrey Ablewhite, msemaji hodari wa majukwaani, kipenzi cha kamati za hisani za akina mama, aliyekwisha kula pauni 20,000 za kijana aliyekabidhiwa kumtunzia mali. Nani angempekua bwana wa namna hiyo? Baadaye Cuff alikiri kosa lake, akaliandika jina la Godfrey. Rosanna alikuwa amekwisha kufa.