Ukurasa wa Wazazi: Mwalimu Anapolichunguza Darasa Lake



Mwezi huu tunapenda kuzungumzia barua. Baadhi ya wazazi wa jumuiya yetu wamepokea kutoka shuleni barua ya Kiingereza, kurasa mbili au tatu, yenye nembo ya chuo kikuu juu na nafasi ya saini chini. Maana yake kwa ufupi ni kwamba mwalimu wa darasa anafanya utafiti, naye anaomba ruhusa ya kumhusisha mtoto. Tunafahamu barua ya namna hiyo huzua nini katika nyumba ambayo kibali cha hifadhi husubiri kuongezewa muda kila mara. Neno "utafiti" halisikiki vizuri masikioni mwa mtu aliyekwisha kuhojiwa mpakani, kambini na ofisini. Wako wanaoikunja barua wakaiweka chini ya godoro, na wako wanaotia saini pasipo kusoma kwa kumwogopa mwalimu. Hatuoni kuwa mojawapo ya njia hizo inafaa, ndiyo maana tunaomba nafasi ya kulieleza jambo lenyewe.

Utafiti unaotajwa mara nyingi katika barua hizo ni ule uitwao utafiti tendaji. Mtafiti tuliyemzoea hutoka nje, huhesabu, huuliza, kisha huondoka na daftari lake. Katika utafiti tendaji mtafiti ni mwalimu mwenyewe, na kinachochunguzwa kwanza ni kazi yake yeye.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa darasa la 4 ana wanafunzi 45. Watatu kati yao, wa familia kama zetu, hawanyoshi mkono hata siku moja. Shule nyingi za watoto wa Kizulu kwa miaka mingi zimefundisha kwa Kizulu hadi darasa la 3, kisha zikaingia katika Kiingereza. Mtoto aliyetoka Uvira na Kiswahili chake amekosa daraja la kwanza na la pili pia. Ni rahisi kusema, "Hawa ni wazito," na somo likaendelea. Mwalimu huyu badala yake anachukua karatasi, na kwa muda wa wiki mbili anatia alama kila anapomwuliza mtoto swali. Wiki zikiisha anakuta kwamba wale watatu hawakuulizwa swali hata moja. Kumbe ukimya haukuwa wa watoto peke yao!

Hapo ndipo anapojaribu jambo. Anawaruhusu watoto wazungumze wawili wawili, kwa lugha yoyote waipendayo, kabla ya kujibu kwa Kiingereza. Anatia alama tena. Mmoja ameanza kujibu, wawili bado. Anamwomba mwalimu mwenzake akae nyuma ya darasa atazame, na mwenzake anaona kile ambacho mwenye darasa hakukiona: kila majina ya watoto wale yanapotamkwa, yanatamkwa visivyo, na darasa linacheka. Jaribio la pili linaanzia hapo. Kupanga, kutenda, kutazama, kutafakari, kisha kupanga upya: ndivyo mzunguko huo unavyoelezwa vyuoni, nasi hatuna la kuongeza ila kwamba sehemu ngumu ni kutazama. Mwalimu amezoea kuwatazama wengine.

Jina la utafiti huu huhusishwa zaidi na Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 akaenda Marekani, mhamiaji kama sisi. Makala yake mashuhuri ya mwaka 1946 ilihusu utafiti tendaji na matatizo ya jamii za wachache, si jambo la maabara. Huko Uingereza, katika miaka ya 1970, Lawrence Stenhouse alishikilia kwamba mtaala hauwezi kuboreshwa pasipo mwalimu kuwa mtafiti wa kazi yake.

Lakini tusidhani kwamba kila kitu kilitoka ng'ambo. Marja-Liisa Swantz, mwanamke wa Kifini, alianza kufundisha katika chuo cha ualimu cha Ashira, Kilimanjaro, mwaka 1952. Miaka mingi baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha nchini Tanzania utafiti ambao wanakijiji wenyewe hushiriki kuuliza na kujibu. Mradi wa Jipemoyo, ulioendeshwa wilayani Bagamoyo kuanzia mwaka 1975, ulikuwa wa namna hiyo. Paulo Freire wa Brazili alifika Dar es Salaam mwaka 1971 akazungumza juu ya mbinu za utafiti, na Budd Hall, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima jijini humo, aliyaeneza mawazo hayo duniani kwa jina la utafiti shirikishi. Kwa hiyo mwalimu wa Durban anapomwuliza mzazi maoni yake, anapita njia ambayo watu wa kwetu wamekwisha kuikanyaga.

Hapa Afrika Kusini njia hiyo ilikuwa na miiba. Kati ya mwaka 1987 na 1989 Melanie Walker wa Chuo Kikuu cha Cape Town alifanya kazi na walimu wa shule za msingi za vitongoji vya Waafrika. Zilikuwa siku za ubaguzi wa rangi, na walimu waliozoea mkaguzi wa serikali ya wakati ule walikuwa na kila sababu ya kumtilia shaka yeyote aliyekuja darasani na kalamu. Mwaka 2000 serikali ya kidemokrasia ilitoa kanuni zilizotaja majukumu saba ya mwalimu, na mojawapo ni kuwa msomi, mtafiti na mwenye kujifunza maisha yake yote. Katika jimbo letu wahadhiri wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, chenye kampasi ya ualimu ya Edgewood huko Pinetown, na wale wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban, wamewaongoza walimu wengi katika kuichunguza kazi yao wenyewe. Huko Vulindlela, karibu na Pietermaritzburg, katika miaka ya 2000, walimu na wahudumu wa afya walipewa kamera za bei nafuu wapige picha za matatizo na ufumbuzi katika mapambano dhidi ya UKIMWI. Mambo yaliyokuwa hayasemeki mikutanoni yalisemeka mbele ya picha.

Hata hivyo sisi si wapiga debe. Iko tafiti inayofanywa kwa ajili ya shahada tu. Shahada ikipatikana, darasa hubaki lilivyokuwa. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza, na kwa mwalimu wa kweli swali lake ni sehemu ya utafiti. Mwulizeni: Utabadilisha nini darasani, na lini? Utatujulisha ulichokiona, kwa lugha tunayoifahamu? Jina la mtoto litafichwa vipi? Hilo la mwisho msiliache. Kuandika "msichana kutoka Kongo, darasa la 4" katika shule yenye msichana mmoja tu wa Kongo si kuficha jina. Juu ya picha tuwe wakali zaidi, kwa sababu zimo nyumba kati yetu ambazo zilikimbia watu wanaozitafuta mpaka leo. Inaruhusiwa kabisa kukubali mazungumzo na kukataa picha.

Mwalimu hahitaji kuona hati zenu za uhamiaji ili achunguze jinsi anavyofundisha hesabu. Akiziomba kwa ajili ya utafiti, ulizeni sababu kwa maandishi, na barua iwe na namba ya simu ya msimamizi wake chuoni. Mtoto naye aulizwe. Akisema hataki, neno lake liheshimiwe hata kama ninyi mmekubali. Mliopewa kulea mtoto wa ndugu, msitie saini kama wazazi; andikeni kwamba ninyi ni walezi.

Mwisho, nafasi ya mtoto shuleni haihusiani na saini hiyo. Mahakama Kuu ya Makhanda iliamua Desemba 2019 kwamba hata mtoto asiye na hati asizuiwe kusoma katika shule ya umma. Barua ikirudi pasipo saini, mtoto wenu anabaki darasani na anafundishwa kama wenzake. Kinachokosekana ni yeye kuandikwa katika daftari la mwalimu. Walio na barua mkononi na Kiingereza kinawashinda, wazileteni kwa wasambazaji wa jarida hili, nasi tutawasomea kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya tarehe ya kurudishwa.