Aliyekulipa Ni Nani?

Nina marafiki wawili wanaolipwa kuandika wasifu wa wakubwa kwenye Wikipedia, kimyakimya. Hawasemi nani kawalipa. Watanuna wakisoma hapa, wanune.

Hoja yao kila siku ni moja: nani anamjua mtu kuliko mwenyewe? Haya. Mwaka 2005 Jimmy Wales aliingia kwenye wasifu wake mwenyewe na kuondoa maneno yaliyomtaja Larry Sanger kuwa mwanzilishi mwenzake wa kamusi elezo hiyo. Wales alijijua vizuri sana, na ndiyo shida yenyewe.

Watakutajia Philip Roth. Mwaka 2012 alitaka kusahihisha makala kuhusu riwaya yake, The Human Stain, akajibiwa kwamba neno lake peke yake halitoshi, alete vyanzo vingine. Akaandika barua ya wazi kwenye The New Yorker. Watu walicheka, mimi naona alitendewa haki. Neno lake sasa lina jina na tarehe, msomaji anaweza kulipima.

Sikatai, sharti la vyanzo huumiza. Donna Strickland alikataliwa rasimu ya wasifu wake Mei 2018 kwa kukosa vyanzo, na Oktoba akapata Nobeli ya fizikia. Lakini dawa ya hapo ni magazeti kuandika habari za wanasayansi wanawake. Kalamu ya kukodi haitibu hilo.

Tangu 2014 masharti ya Wikipedia yanamtaka anayelipwa amtaje anayemlipa. Sentensi moja tu! Marafiki zangu wanasema wakiiandika, mteja atakimbia. Akimbie.