DOKTA REMMY HAKUOKOLEWA KUTOKA KWENYE GITAA

Nilikuwa kimya kwa sababu ya mitihani, sasa nimerudi, na nimerudi na hasira. Anayetaka habari za baridi ya Mbalizi au bei ya gunia la viazi asubiri wiki ijayo.

Yaani nimechoka kusikia maisha ya marehemu Remmy Ongala yakihubiriwa vipande viwili, kipande cha kwanza cha shetani, kipande cha pili cha Yesu. Nimeisikia kwenye mikutano ya injili, nimeisikia kwenye ibada za wanafunzi hapa chuoni, na kila mara inasimuliwa vilevile: alikuwa mpiga dansi, ana rasta, dunia inamjua, akaugua, akaokoka, akatupa takataka zote. Amina! Makofi! Na yule kijana aliyekaa nyuma kabisa na gitaa mapajani anajifunza nini hapo? Kwamba vidole vyake ni vya shetani mpaka mzee wa kanisa atakapoamua vinginevyo.

Tumwangalie kwanza mtu mwenyewe, maana wanaomtolea mfano wengi hawamjui. Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa 1947 Kindu, mashariki mwa Kongo, akiwa tayari ana meno mdomoni (ndiyo, meno, mtoto mchanga!). Watu wa kwao wakaona huyu ni mganga wa kuzaliwa, na ndiko udokta ulikotoka, wala si chuo kikuu. Baba alifariki 1953, mama 1964. Mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kwa wito wa mjomba wake, Mzee Makassy, kupiga na Orchestra Makassy. Makassy walipohamia Nairobi yeye akabaki, akaingia Matimila, ile ambayo baadaye wote tuliijua kama Super Matimila. Mwishoni mwa miaka ya 1980 akapanda majukwaa ya tamasha la WOMAD huko Ulaya, na kampuni ya Real World ya Peter Gabriel ikatoa albamu zake, Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992. Nyumbani Sinza hadi kituo cha daladala kikaitwa Kwa Remmy. Alifariki Desemba 13, 2010, lakini makonda wamebaki wanaliita jina lake. We mwenzangu na mimi ukifa hata njia panda ya Mbalizi hawakupi, hahaha.

Sasa hiyo miziki inayoitwa takataka ni ipi? Mnyonge Hana Haki. Kifo. Hebu soma majina hayo mawili tena polepole. Huyu ni mtu aliyekuwa anawasimamisha walevi katikati ya ukumbi, bia mkononi, saa saba za usiku, anawakumbusha kwamba watakufa na kwamba maskini anaonewa. Mnataka mahubiri gani zaidi ya hayo? Nabii Amosi alikuwa mchunga mifugo, hakusomea unabii popote, na ujumbe wake ulikuwa huohuo wa wanyonge kuuzwa na matajiri kustarehe. Tofauti ni kwamba Amosi hakuwa na gitaa la besi.

Lakini kuna wimbo mmoja ndio unaonifanya niandike leo usiku badala ya kumalizia andalio langu la somo. Mambo kwa Soksi. Wadogo zangu mliozaliwa juzi, soksi ni kondomu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na miaka ikapita watu wakiita ugonjwa kwa mafumbo, huku misiba ikipangana foleni. Remmy akasimama akaimba jambo hilo waziwazi kwa lugha ya mtaani. Redio Tanzania ikakataa kuupiga. Watu wakaucheza kwenye kumbi na kwenye kaseti.

Mimi naishi Mbalizi, wadau. Hapa barabara ya TANZAM inapita katikati ya mji, malori ya Tunduma na Zambia yanalala hapa, akina mama wanauza chakula hapa, vyumba vya kulala wageni vimejaa hapa. Upimaji wa kitaifa wa 2003 hadi 2004 ulikuta maambukizi ya nchi nzima ni asilimia 7, lakini Mbeya na Iringa kila mkoa ulizidi asilimia 13. Karibu mara mbili! Kila ukoo huku una makaburi ya miaka hiyo, na wapo wenzetu darasani waliolelewa na bibi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mhubiri anaposimama mbele yetu, watoto wa nyanda za juu kusini, na kutuambia nyimbo za zamani za Remmy zilikuwa uchafu, mimi namuuliza: na ule wa soksi? Nani alituambia ukweli miaka ile, aliyeimba soksi baa au aliyenyamaza madhabahuni? Najua hapa nitapata matusi. Leteni.

Mtasema, "lakini mwenyewe aliacha dansi." Ni kweli, wala sifichi. Kiharusi kilimdhoofisha, akampa Yesu maisha yake, na miaka yake ya mwisho aliimba injili. Sina shaka hata kidogo na wokovu wake, na haki ya kugeuza sauti yake kuelekea anakotaka ilikuwa yake. Ninachokataa ni hesabu ya wahubiri. Huyo mtu hakupewa koo jipya alipookoka. Sauti ileile nzito ya kusemasema, kama mzee anayetoa nasaha barazani, ndiyo iliyoingia kwenye injili. Kwenye somo la mbinu za kufundishia tunaambiwa kila siku tumtoe mwanafunzi kwenye analolijua kumpeleka kwenye asilolijua. Watu waliisikiliza injili ya Remmy kwa sababu walishamwamini tangu Kifo. Futa miaka ya Matimila, uone kama kuna atakayegeuza shingo.

Na si yeye peke yake. Cosmas Chidumule, sauti ya Neema pale Mlimani Park, naye alivuka akawa mwimba injili. Hiyo njia kutoka ukumbini kwenda kanisani imekanyagwa mpaka imekuwa barabara. Neno "jazz" lenyewe huku kwetu ndilo lililobeba dansi: Dar es Salaam Jazz ya tangu 1932, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Western Jazz. Hapo jirani Iringa, kiwanda cha kukata almasi kilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi, ya akina Kasaloo Kyanga na pacha wake Kyanga Songa, nao wa kutoka Kongo kama Remmy. Sasa sikiliza kwaya za Ulyankulu, sikiliza lile gitaa la solo linavyojibizana na rithim, halafu niambie limetoka mbinguni moja kwa moja bila kupitia Morogoro.

Kuna kaka mmoja tulikuwa naye kwaya ya vijana, kanisa silitaji. Alikuwa anapiga solo, amejifunza kwa kusikiliza kaseti za baba yake, hajawahi kukanyaga baa. Jumapili moja baada ya kiitikio akaachia sebene, kanisa likainuka lote, akina mama wakatoa vitenge. Wiki iliyofuata aliitwa kikaoni akaambiwa hayo ni mapigo ya kidunia, atubu mbele ya ushirika au akae pembeni. Akakaa pembeni. Na hapo ndipo panapouma: Jumapili ile ile aliyokaa pembeni, kwaya iliimba kwa kinanda chenye mdundo uliorekodiwa tayari, na ndani ya ule mdundo kulikuwa na nini? Sebene! Sebene la mashine, halina hata kosa la kibinadamu, na hakuna aliyeambiwa atubu. Gitaa alishaliuza. Jumapili anakuja, anakaa benchi la nyuma, anaondoka kabla ya matangazo.

Msidhani ni ushamba wetu tu. Marekani kulikuwa na Thomas Dorsey, mpiga piano wa blues aliyekuwa akimpigia Ma Rainey. Mwaka 1932 mkewe alifariki akijifungua na mtoto naye akafa, na katika msiba huo akatunga Precious Lord, wimbo ambao leo unaimbwa kwenye mazishi dunia nzima. Makanisa mengi ya Chicago mwanzoni yalimkatalia nyimbo zake, eti zinanukia kilabu. Baadaye watu haohao wakamwita baba wa muziki wa injili. Wazee wa kikao kile huimba nyimbo za ukoo huo kwa Kiswahili, machozi yakiwatoka.

Basi mimi ombi langu kwa wahubiri ni dogo. Ukitaka kumtumia Remmy kwenye mahubiri, mtumie mzima, na Matimila yake na soksi zake. Kama hutaki, muache alale, tafuta mfano mwingine.

Na wewe mdau wa Iringa au Mbeya mwenye kaseti za Tancut Almasi au Super Matimila kabatini, usizitupe wala usiziache ziote ukungu. Niandikie. Nina redio ya kaseti inayofanya kazi bado (mlango wake nimeufunga na mpira), na namjua kijana mmoja ambaye nataka azisikilize upya. Gitaa la kuazima nimeshampatia.