ZOEZI SI KUTISHANA

Wahenga walinena kwamba tahadhari ni kabla ya hatari. Nami leo, wapenzi wasomaji, nauliza: je, vyuo vyetu vikuu vimejiandaa vipi kwa tetemeko la ardhi? Nauliza kwa sababu wengi wetu wa kidato cha nne tunaota kulala katika mabweni yale ya ghorofa, na si siku nyingi zijazo.

Najua wapo watakaocheka. "Aa, matetemeko ni mambo ya Wajapani, bwana!" La hasha! Nchi yetu imepasuliwa na Bonde la Ufa, na bonde hilo bado linapanuka polepole. Mwezi wa Januari 1928 tetemeko lenye ukubwa wa karibu 7 liliitikisa Subukia na kuacha ufa mrefu ardhini. Julai 2007 matetemeko ya kaskazini mwa Tanzania yaliwatoa watu wa Nairobi mbio maofisini. Septemba 2016 likaja la Bukoba, likaua watu na kubomoa nyumba. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika hata zikafungwa. Sasa huyo anayecheka aniambie, Bukoba imekuwa Japani tangu lini?

Hoja nyingine ni nzito zaidi: eti mazoezi yenyewe ndiyo huua. Hapa sibishi bure. Tarehe 30 Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama. Milio ya risasi ikasikika, watu wakadhani ni shambulio la kweli, wengine wakaruka madirishani. Mfanyakazi mmoja alifariki na watu kadhaa wakajeruhiwa. Aprili 12 mwaka uo huo, katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, mlipuko wa umeme alfajiri uliwatia wanafunzi kiwewe. Mmoja alikufa na zaidi ya mia moja wakaumia. Tukumbuke kwamba watu 148 walikuwa wameuawa Garissa siku kumi tu kabla.

Lakini tuyatazame mambo haya vizuri. Kikuyu hakukuwa na zoezi lolote usiku ule, na bado watu waliruka. Strathmore zoezi lilikuwapo, ila wengi hawakujua kuwa ni zoezi. Kwa maoni yangu, somo hapa si kuacha mazoezi. Somo ni kwamba kumtisha mtu si kumfunza. Zoezi litangazwe siku kadhaa mbele, kwa mdomo na kwenye ubao wa matangazo, hadi mpishi na bawabu wajue.

Tena, zoezi la tetemeko lisichanganywe na la moto. Moto ukiwaka, unatoka haraka. Ardhi ikitikisika, ukikimbilia ngazi unaweza kuangukiwa na matofali au vioo. Basi unainama, unaingia chini ya meza imara, unakinga kichwa na shingo, unaushika mguu wa meza na kutulia. Mtikisiko ukiisha ndipo unatoka kwa ngazi, wala si kwa lifti, mpaka uwanjani mbali na kuta. Hapo majina yaitwe. Watu hulidharau jambo hili la majina, kumbe bila orodha waokoaji watafukua kifusi wakimtafuta mtu aliye kantini akila mandazi!

Wajapani tunaowataja kwa mzaha hufanya mazoezi kila Septemba mosi, kukumbuka tetemeko la 1923 lililoangamiza Tokyo na Yokohama. Faida yake ilionekana mwaka 2011 mjini Kamaishi. Wanafunzi waliofunzwa walikimbilia mlimani bila kungoja kuambiwa mara mbili, na karibu wote, wapatao 3,000, wakaokoka tsunami.

Kwa hivyo naomba vyuo vyetu vifanye zoezi la tetemeko katika wiki ya kwanza ya kila muhula, pale wageni wanapoandikishwa. Gharama yake ni kengele na nusu saa. Nasi huku shuleni tusikae tukingoja chuo kikuu, kwani madawati tunayo na uwanja tunao. Chama chetu kinaweza kuanza kwa kuandika maagizo hayo kwa Kiswahili chepesi na kuyabandika katika kila darasa. Je, mwenzangu, wewe uko tayari?